Hadithi za Nchi Zilizokatazwa Kukumbuka

Paukwa! Itikieni, kisha sogeeni karibu, maana hadithi za leo si za sungura na fisi. Ni za nchi ambazo mtawala hakutosheka na kodi, jeshi na ikulu, akataka na kilichomo vichwani mwa watu. Waandishi wa mataifa mbalimbali wametunga riwaya kuhusu nchi za namna hiyo. Nimezisoma kwa miaka mingi, na nimeona kwamba mtawala huyo, nchi yake iwe London au iwe angani, huanza kazi mahali pale pale. Huanza na kumbukumbu. Na anayempinga huanzia hapo hapo.

Twende kwanza London. Si London mnayoiona kwenye mechi za mpira, bali ile aliyoibuni George Orwell katika riwaya yake ya 1984, iliyotoka mwaka 1949. Nchi iko chini ya Chama kimoja. Kila ukuta umebandikwa picha ya mwanamume mwenye masharubu mazito, anayeitwa Kaka Mkubwa, na macho yake humfuata kila apitaye. Ndani ya nyumba kuna kioo kinachofanana na televisheni, ila hiki ukikitazama nacho kinakutazama, na mtu wa kawaida hana ruhusa ya kukizima. Huwezi kujua ni saa ngapi unaangaliwa. Basi unaishi kama mtu anayeangaliwa saa zote, uso umeunyoosha, usije ukaonekana umenuna wakati wa habari njema.

Hapo ndipo anapoishi Winston Smith, mtu wa miaka 39, mwembamba, mwenye kidonda sugu mguuni. Ni karani katika Wizara ya Ukweli. Jina hilo lisiwadanganye, kwa maana wizara hiyo ndiyo inayotunga uongo wa nchi nzima. Kaka Mkubwa akitabiri jambo lisitokee, Winston hupewa gazeti la siku ile aiandike upya hotuba, ili ionekane kwamba kiongozi alitabiri sawasawa. Gazeti la kweli hutupwa kwenye tundu la ukutani na kwenda kuungua tanurini. Nakala mpya huwekwa maktaba kana kwamba ndiyo iliyokuwapo tangu awali.

Siku moja anaagizwa kumfuta mtu. Ndugu Withers aliwahi kupewa nishani, lakini sasa amekosana na wakubwa, na inatakiwa ionekane hakuwahi kuzaliwa. Mahali pake Winston anabuni askari shujaa aitwaye Ogilvy, aliyekufa juu ya Bahari ya Hindi akiwa na miaka 23. Ogilvy hakuwahi kuishi. Lakini magazeti yakishachapwa upya, Ogilvy atakuwa na ushahidi wote wa kuwapo duniani, na Withers hatakuwa na hata mstari mmoja.

Mnaweza kuuliza, hivi watu hawakumbuki? Sikilizeni habari ya chokoleti. Serikali ilitangaza kwamba mgao wa chokoleti utapungua kutoka gramu 30 kwa wiki hadi 20. Siku iliyofuata watu wakaandamana kumshukuru Kaka Mkubwa kwa kuupandisha mgao hadi gramu 20. Usiku mmoja tu ulikuwa umepita! Winston anawatazama wenzake kwenye ukumbi wa chakula na kujiuliza kama ni yeye peke yake ndiye mwenye kumbukumbu. Hilo ndilo swali linalomtesa kuliko njaa.

Lugha nayo inakatwakatwa. Mwenzake Winston, Syme, anatunga kamusi ambayo kila toleo lina maneno machache kuliko lililotangulia. Maneno ya kuasi yakiisha, wazo la kuasi litakosa pa kukaa. Syme ana akili nyingi na anaieleza kazi yake waziwazi mno. Asubuhi moja haji kazini. Jina lake linaondoka kwenye orodha ya kamati ya sataranji, na hakuna anayeuliza yuko wapi. Jirani mwingine, Parsons, anakamatwa kwa maneno aliyotamka usingizini. Aliyemshtaki ni binti yake wa miaka saba, aliyemsikia kupitia tundu la ufunguo. Na baba huyo, akiwa mahabusu, anasema anajivunia mtoto wake. Wanangu, mtoto anapofundishwa kumpeleleza baba yake na baba akashukuru, hakuna tena nyumba katika nchi hiyo, hata kama kuta zimesimama.

Uasi wa Winston unaanza kwa kitu kidogo. Ananunua daftari kuukuu kwenye duka la vitu vya zamani, anaketi kwenye kipembe cha chumba ambacho kile kioo hakikifikii, na anaanza kuandika shajara. Anaandika tarehe, 4 Aprili 1984, kisha kalamu inasita, kwa sababu hana hakika kama mwaka wenyewe ni huo. Baadaye anampenda Julia, na wawili hao wanapanga chumba juu ya duka lile lile. Kwa miezi michache wanaishi kama watu. Kumbe mwenye duka ni mmoja wa Polisi wa Fikra, wale wanaowinda mawazo ya kuasi, na nyuma ya picha ya ukutani kuna kioo kingine kinachowaangalia.

Mwisho wake ni mchungu, sitauficha. Winston anateswa mpaka akubali kwamba vidole vinne ni vitano. Anapotishwa kwa panya, kitu anachokiogopa kuliko vyote, anapiga kelele kwamba wamtese Julia badala yake. Anaachiwa akiwa gofu la mtu, akimpenda Kaka Mkubwa.

Kwa nini Orwell aliandika hadithi yenye mwisho kama huo? Kwa sababu alikuwa ameviona vitu hivi kwa macho. Alizaliwa India mwaka 1903, akawa polisi wa ukoloni wa Uingereza huko Burma kwa miaka mitano, akaacha kazi kwa kuuchukia udhalimu aliokuwa akiutumikia. Mwaka 1937 alikuwa vitani Hispania, akapigwa risasi ya koo akapona. Huko alisoma magazeti yaliyoeleza mapigano makubwa mahali ambapo hapakuwa na mapigano, na kuwaita wasaliti askari aliowaona wakipigana kishujaa. Akaingiwa na hofu kwamba ukweli wenyewe unaweza kutoweka duniani. Na katika Urusi ya Stalin jambo hilo lilikuwa likifanyika hadharani. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, alipigwa picha akitembea na Stalin kando ya mfereji. Baada ya kuuawa kwa amri ya bwana wake mwaka 1940, picha ile ilichapishwa tena, na mahali aliposimama Yezhov pakaonekana maji matupu. Orwell hakuhitaji kubuni mengi. Aliimaliza riwaya yake akiugua kifua kikuu kwenye kisiwa cha Jura, Scotland, akafariki Januari 1950, miezi saba tu baada ya kitabu kutoka. Alitaka tuogope mapema, wakati kuogopa bado kunasaidia.

Lakini tazameni pia namna Winston alivyoshindwa. Alikuwa na kumbukumbu, akawa na kalamu, ila hakuwa na watu. Daftari lake halikusomwa na yeyote isipokuwa adui. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa vukeni bahari twende Marekani, kwa Ray Bradbury, aliyetoa riwaya ya Fahrenheit 451 mwaka 1953. Humo zimamoto hawazimi moto, wanauwasha. Nyumba ikigundulika ina vitabu, wanakuja na mafuta ya taa na kuviteketeza. Mmoja wao ni Guy Montag, na anaipenda kazi yake. Jioni moja anakutana na msichana wa jirani, Clarisse, anayemuuliza kama ana furaha. Swali dogo tu, lakini Montag hawezi kulijibu. Nyumbani mkewe ameziba masikio kwa vijiredio vidogo usiku kucha, na mchana anazungumza na watu wa televisheni zilizojaza kuta tatu za sebule. Wameoana kwa miaka kumi, na hawakumbuki walikutana wapi.

Kinachonitisha zaidi katika kitabu hiki ni maelezo ya Beatty, mkuu wa zimamoto. Anasema mambo hayakuanza na amri ya serikali. Watu wenyewe walichoka kusoma. Walitaka vitabu vifupishwe, vifupishwe tena, visimkere mtu yeyote, mpaka vikabaki bila kitu. Serikali ilipoleta moto, wengi walikuwa wamekwisha kuviacha vitabu kwa hiari yao. Ninyi mnaokulia na simu mkononi, maneno haya yanawahusu, na mimi nisomaye kwenye simu hiyo hiyo yananihusu pia.

Montag anamwona mama mmoja mzee anayekataa kuviacha vitabu vyake, akaungua navyo. Tangu hapo hawezi tena kuwa mtu yule wa zamani. Anaiba vitabu, anagundulika, anakimbia kwa njia ya mto. Porini anakuta kikundi cha watu waliokaa kuzunguka moto wa kujipasha joto, nao hawana hata kitabu kimoja. Kila mmoja amehifadhi kitabu kichwani, neno kwa neno. Montag mwenyewe amehifadhi sehemu ya kitabu cha Mhubiri, kile cha katika Biblia. Polisi wakiwapekua hawapati kitu. Mabomu ya vita yanapouangamiza mji, watu hawa ndio wanaogeuka kurudi, wakiwa wamebeba maktaba isiyoonekana.

Msidhani hiyo ni ndoto ya mtunzi. Katika Urusi ile ile ya Stalin, mshairi Anna Akhmatova alitunga shairi refu kuhusu akina mama waliopanga foleni nje ya magereza ya Leningrad, naye akiwa mmoja wao, mwanawe amefungwa. Kuliandika kungeweza kumuua. Basi aliandika beti chache kwenye kipande cha karatasi, akampa rafiki azisome mpaka azihifadhi, kisha karatasi ikachomwa kwenye kisahani cha majivu ya sigara. Mke wa mshairi Osip Mandelstam, Nadezhda, naye alihifadhi mashairi ya mumewe aliyefia mikononi mwa dola mwaka 1938. Shairi la Akhmatova lilichapishwa nchini mwake mwaka 1987, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Polisi walikuwa na jengo zima la mafaili. Wanawake wachache waliokumbuka waliyashinda mafaili hayo.

Na sisi tunaosoma Kiswahili tunayo nchi yetu ya namna hii. Iko angani, na aliyetuonyesha ni Shaaban Robert katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, wakati Tanganyika ikitawaliwa na Waingereza na mwandishi mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali hiyo. Katika Kusadikika kijana Karama anashtakiwa mbele ya mfalme. Kosa lake ni kufundisha watu elimu ya sheria. Mshtaki wake ni Majivuno, waziri mwenye nguvu, anayetaka kijana yule ahukumiwe upesi.

Karama angeweza kulia, au kutukana, au kuomba msamaha kwa kosa asilolitenda. Anachagua kukumbusha. Anasimulia, mmoja baada ya mwingine, habari za wajumbe sita waliosafiri kutafuta mambo mema kwa ajili ya nchi yao: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walikwenda mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mmoja alirudi na mawazo ya kuwafaa wananchi, na kila mmoja, badala ya kushukuriwa, akatiwa gerezani. Nchi ilikwisha kuwasahau. Karama anawataja kwa majina mbele ya mfalme, mbele ya watu, na mbele ya mtu yule yule anayetaka wasahaulike. Mwisho wa kesi anaachiwa huru, na waliofungwa wanafunguliwa.

Mwekeni Karama kando ya Winston muwatazame. Wote wawili walikuwa na jambo ambalo dola haikutaka likumbukwe. Winston aliliandika kwa siri na likaishia mikononi mwa adui. Karama alilisema barazani, na kila aliyekuwapo akaondoka nalo. Siwalaumu waliojificha, kwa maana ziko nchi ambazo kusema hadharani ni kufa siku hiyo hiyo, na Akhmatova alinyamaza kwa sababu hiyo. Lakini hata yeye hakunyamaza peke yake. Alitafuta mtu wa pili wa kulihifadhi shairi lake. Kumbukumbu ya mtu mmoja inaweza kuteswa mpaka ikubali vidole vinne ni vitano. Kumbukumbu ya watu mia ni kazi ngumu kwa jela yoyote.

Ndiyo maana nawasimulia hadithi hizi nikiwa na neno la kuwaomba. Someni vitabu vizima, msitosheke na muhtasari. Mkiona jambo kwa macho yenu, liandikeni pamoja na tarehe yake, kabla hamjaambiwa kwamba halikutokea. Waulizeni wazee yaliyotendeka mahali mnapoishi, yakiwamo yale ambayo hakuna anayependa kuyataja, na myahifadhi pamoja na majina ya waliotendewa. Kisha msibaki nayo peke yenu. Msimulieni mwenzenu mmoja, naye mwambieni amsimulie mwingine.