Neno Moja la Kiyunani Juu ya Watu wa Pwani

Mvuvi wa Malindi ategaye dema penye mkondo wa maji pengine hajui ya kuwa kazi kama yake imekwisha andikwa kwa Kiyunani, yapata miaka 1,900 iliyopita na zaidi. Kitabu chenyewe huitwa Periplus ya Bahari ya Erithraia, nacho chaeleza bandari na biashara tangu Bahari ya Shamu hata Bara Hindi, na pwani hii pia, ambayo mwandishi aliiita Azania.

Mwandishi hakutaja jina lake. Maneno yake yaonyesha kuwa alikuwa mfanyabiashara wa Misri, ambako Kiyunani kilienea baada ya Alexander kuishinda nchi hiyo mwaka 332 kabla ya Kristo, kikadumu katika ofisi na masoko hata chini ya Warumi. Hakuandika kwa fahari. Aliandika kama karani wa ghala: wapi pana maji ya kunywa, nini chauzwa, nini chanunuliwa.

Chombo kikitoka kaskazini, asema, hufika visiwa vya Pyralaoi, ambavyo wataalamu wengi hudhani ni vile vya Lamu. Kisha husafiri siku mbili, usiku na mchana, hata kisiwa cha Menouthias, kilicho tambarare na chenye miti mingi. Wengine husema ni Pemba, wengine Unguja au Mafia. Basi, ikiwa Pyralaoi ni Lamu, mabaharia hao walipita mbele ya Malindi na Kilifi, wala hawakuandika jina la mahali hata pamoja. Magofu ya Gedi, yaliyoanza kuchimbwa na James Kirkman mwaka 1948, hayawezi kujaza pengo hilo, kwa kuwa mji ule ulijengwa karibu miaka elfu baadaye.

Lakini ya Menouthias mtu wa pwani ayatambua mara moja. Watu wake walikuwa na mitumbwi ya gogo moja na vyombo vidogo vya kushonwa kwa kamba, na walivua kwa vikapu vilivyotegwa penye mikondo badala ya nyavu. Hata Rhapta, soko la mwisho la Azania, lilipata jina kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kushona, kwa sababu ya vyombo hivyo. Wazee wa Lamu waliounda mitepe ya kushonwa kwa kamba za makumbi, hata mwanzo wa karne ya 20, walikuwa wakifuata ufundi wa namna hiyo hiyo.

Huko Rhapta wageni walileta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo, wakachukua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Ngano na divai walileta pia, lakini si za kuuza. Zilikuwa zawadi za kupata urafiki wa wenyeji. Manahodha wengi walikuwa Waarabu wa Muza, katika Yemeni, waliooa huku na kuijua lugha ya watu.

Je, wenyeji hao walikuwa watu gani? Hapa ndipo penye shida. W. H. Schoff, Mmarekani aliyefasiri kitabu hiki mwaka 1912, aliandika kwamba walikuwa warefu sana na wenye desturi za kiharamia. Lionel Casson, Mmarekani mwingine, alipofasiri upya mwaka 1989, aliandika kwamba walikuwa watu wakubwa wa mwili, wakulima. Kati ya haramia na mkulima umbali ni mkubwa, na mwenye shamba la mihogo au minazi hapana budi aone kuwa jambo hili lamhusu.

Sababu ni neno moja tu. Neno lenyewe halikufika salama katika hati ya mkono, na kila mtaalamu hulisahihisha kwa kadiri ya ujuzi wake. Anayesoma tafsiri peke yake hujulishwa hukumu ya mfasiri, wala hajui kuwa palikuwa na shaka. Wala Kiyunani si kigeni kabisa kwa Waswahili: kanuni, falsafa na almasi yalitoka humo yakapitia Kiarabu, na Injili vilevile.

Hati hiyo, iliyonakiliwa katika karne ya 10, imewekwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Heidelberg, Ujerumani. Katika kurasa zake limo lile neno lenye shaka, likiwangoja wenye kujua Kiyunani.