Kamera Ndani ya Goti (2): Nani Anaihitaji?

Juma lililopita tulieleza jinsi goti lilivyoundwa. Leo tunaingia ndani.

Hospitali ya Urafiki ya China na Uganda, iliyofunguliwa Naguru mwaka 2012, hupokea majeruhi wengi wa bodaboda. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye eksirei. Kano iliyokatika au gegedu lililochanika halionekani, na mara nyingi kijana huambiwa hana tatizo huku goti likimkwama kila apandapo ngazi. Mtu wa namna hiyo, akishapimwa vizuri kwa mikono na ikiwezekana kwa MRI, ndiye hasa anayefaa athroskopia, yaani kuchunguza na kutibu goti kwa kamera.

Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi mgongoni. Daktari hutoboa vitundu viwili, kila kimoja hakifiki sentimita moja, kando ya pia ya goti. Kimoja hupitisha bomba lenye lenzi, unene wake kama milimita 4. Kingine hupitisha vifaa vya kukatia na kushonea. Maji ya chumvi hupitishwa humo kutanua kiungo na kuosha damu. Kwenye skrini gegedu zima ni jeupe, laini, linang'aa. Lililochakaa lina nyuzinyuzi zinazopepea majini kama mwani.

Njia hii si mpya. Mwaka 1918 daktari Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia goti la maiti kwa kifaa cha kuchunguzia kibofu, akitafuta njia ya kugundua mapema kifua kikuu cha goti. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, mwaka 1962 aliondoa kwa njia hiyo kipande cha gegedu lililochanika.

Sasa wazee wetu. Goti lililolika kwa umri halitengenezwi kwa kuoshwa. Utafiti wa Houston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulihusu wagonjwa 180. Baadhi yao walichanjwa ngozi tu, bila kutibiwa chochote ndani. Baada ya miaka miwili hawakuwa na maumivu zaidi ya wenzao waliotibiwa ndani kwa kamera. Kwa hiyo mama asiuze kiwanja kulipia kamera. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito yatamfaa zaidi, na goti likiisha kabisa, kuna upasuaji wa kuweka la bandia.

Lakini goti likivimba ghafla, likawa la moto, na homa ikapanda, usingoje wala usikandwe. Huenda ni usaha, nao hula gegedu kwa siku chache. Nenda hospitali siku hiyohiyo.