Tsunami Huletwa na Nini, na Je, Yaweza Kujulikana Mapema?

Baadhi ya wakulima wa skimu za Borabu wametuuliza swali lisilo la chai wala la maziwa. Vijana wao wamekwenda kufanya kazi pwani, wengine katika mahoteli ya Malindi na Diani, wengine bandarini Mombasa, na kila tsunami inapotajwa redioni wazazi huingiwa na hofu. Wako pia waliopokea katika simu ujumbe usio na jina la mwandishi, unaotaja siku na saa ambayo bahari itapanda. Wanataka kujua tsunami huletwa na nini, na kama iko ofisi inayoweza kuijua kabla haijafika.

Neno lenyewe ni la Kijapani, na maana yake ni wimbi la bandarini. Lakini si wimbi la upepo. Ukipuliza chai ya moto katika kikombe, maji ya juu hutikisika na majani ya chini hubaki yametulia. Ndivyo upepo uifanyavyo bahari. Sasa fikiri josho la ng'ombe. Fahali mzito akijitupa ndani, maji yote husukumwa, ya juu na ya chini, na wimbi huenda moja kwa moja mpaka mwisho wa josho. Tsunami ni ya namna hii, ila kwa kawaida maji hayakusukumwa na kitu kilichoanguka kutoka juu. Yamesukumwa na sakafu ya bahari iliyoinuka au kushuka ghafla.

Sakafu hiyo huinukaje? Gamba la dunia yetu limegawanyika katika vipande vikubwa sana, navyo husogea sentimita chache kila mwaka. Karibu na kisiwa cha Sumatra, katika nchi ya Indonesia, kipande kimoja huingia chini ya kingine. Vikikwamana, cha juu huendelea kupindwa miaka mingi, kama mtu apindavyo ufito wa kujengea. Siku kikiachia, huruka, ardhi hutetemeka, na maji yaliyo juu yake hunyanyuliwa. Mara chache tsunami huletwa na mlima wa moto, kama ule wa Krakatau mwaka 1883, au na maporomoko ya udongo chini ya bahari.

Tarehe 26 Desemba 2004, kabla kidogo ya saa kumi alfajiri kwa saa zetu, kipande hicho kiliachia kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Tetemeko lilikuwa la kipimo cha 9.1. Watu zaidi ya 220,000 walikufa, wengi wao Indonesia, Sri Lanka, India na Thailand. Wimbi likavuka bahari kwa mwendo wa ndege. Katikati ya bahari halikufika hata mita moja kwenda juu, na baharia aliye melini hawezi kulitambua. Linapokaribia ufuo, maji yakiwa machache, hupunguza mwendo na kuinuka.

Kutoka Sumatra hadi Malindi ni kilomita 6,000 hivi, na wimbi lilichukua zaidi ya saa nane kufika kwetu. Saa nane ni muda mkubwa. Mkulima aweza kukamua asubuhi, kupeleka maziwa, kuchuma chai na kuipeleka kituoni kabla hazijaisha. Siku ile ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya Krismasi, na fuo za Mombasa zilijaa watu. Lakini habari za Asia zilikuwa zimekwisha kusikika, na polisi wakawaondoa watu majini. Kenya ilipoteza mtu mmoja, karibu na Malindi. Katika Somalia, ambako wimbi lilikuwa kubwa zaidi na hapakuwa na mtu wa kuwaonya wavuvi, walikufa watu karibu 300, wengi wao upande wa Hafun. Tanzania nayo ilipoteza watu wapatao kumi au zaidi. Kwa maoni yangu hesabu hizi zafaa kufundishwa darasani, maana saa zile zilikuwa ni za wote.

Basi, jibu la swali ni hili. Hakuna mtu duniani, profesa wala mganga, awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko la ardhi. Wataalamu waweza kusema mahali fulani pana hatari, hawawezi kusema ni Alhamisi ijayo. Kwa hiyo ule ujumbe wa simu wenye tarehe ni uongo, ufutwe. Lakini tetemeko likisha kutokea, mshindo wake hupita ndani ya mwamba na kufika kwenye mitambo ya kupimia kwa dakika chache tu, hali wimbi lingali mbali. Hapo ndipo wimbi laweza kutabiriwa. Vyombo vilivyowekwa chini ya bahari na bandarini hupima kama maji yamepanda kweli. Tangu mwaka 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia hupeleka taarifa kwa nchi zote za Bahari ya Hindi, na kwetu hupokewa na Idara ya Hali ya Hewa.

Onyo laweza kutolewa na wimbi lisije. Tarehe 11 Aprili 2012 palitokea tetemeko la 8.6 karibu na Sumatra, na watu wa pwani wakatahadharishwa. Lakini safari ile vipande vilisuguana kwa ubavu bila kuinua sakafu sana, na maji yaliyofika yalikuwa kidogo. Wengine walinung'unika kwamba wamesumbuliwa bure. Hata mbwa hubweka mara nyingi bila mwizi kuwapo, na hatumfukuzi.

Na Ziwa Victoria je? Ziwa letu lina kina cha mita 80 hivi tu, wala hakuna chini yake kipande kinachoingia chini ya kingine kama kule Sumatra. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 lilipiga Bukoba, ng'ambo ya ziwa, likaua watu zaidi ya 15 na kuangusha nyumba nyingi. Waliumizwa na kuta, si na maji. Mwenye kujenga nyumba ya matofali Nyansiongo au Kisii afunge kuta zake kwa mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.

Kijana wako aliye pwani mwambie hivi. Tetemeko la mbali huenda asilisikie kabisa. Akiona bahari imekauka ghafla wakati usio wa maji kupwa, na samaki wakirukaruka mchangani, asiende kuwaokota. Apande mahali pa juu mara moja. Akisikia onyo la Serikali, afanye vivyo hivyo. Wimbi la kwanza likipita asishuke, kwa maana huja mengine kwa muda wa saa kadhaa, na la pili au la tatu laweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Angoje mpaka itangazwe kwamba hatari imekwisha.