Kindu: Kambale wako mtoni, lakini chambo hai ndicho kinachosumbua wavuvi

Kindu, Maniema – Kila jioni, jua linaposhuka upande wa Kasuku na mitumbwi ya mwisho inavusha watu kurudi Alunguli, kuna wavuvi ambao kazi yao ndiyo kwanza inaanza. Ni wale wa ndoano. Ndani ya mtumbwi kuna pagai, kamba ndefu iliyokunjwa katika beseni, na bidoni ya njano iliyokatwa mdomo. Mwenye kutaka kujua kama usiku huo utaleta samaki haangalii mto. Anachungulia ndani ya bidoni.

Humo ndimo kinamokaa chambo hai: samaki wadogo wa urefu wa kidole, vyura wadogo, au minyoo iliyofunikwa na udongo wenye maji maji. Bidoni ikiwa tupu, kamba haitupwi. Na kamba isipotupwa, kesho asubuhi mama anayengoja samaki ufukweni ili apeleke sokoni anarudi mikono mitupu.

Wakaaji wengi wa Kindu wanamfahamu kambale akiwa tayari katika sufuria, na mawese na pilipili, au akiwa amekaushwa kwa moshi na kukunjwa mkia mdomoni. Wasemaji wa Lingala wanamwita ngolo. Wachache wanajua kwamba kabla ya kumpata yeye, mvuvi alipaswa kwanza kuvua kitu kingine, na kwamba kazi hiyo ya kwanza inazidi kuwa ngumu kuliko ya pili.

Kwa nini kiwe hai?

Kambale anakula karibu kila kitu: wadudu, konokono, samaki wenzake, mbegu za miti, hata uchafu wa jikoni. Kwa nini basi mvuvi ajisumbue kutafuta kitu kinachopumua?

Jibu liko katika namna anavyowinda. Maji ya Lualaba ni ya udongo, na kambale anatembea zaidi usiku. Macho yake ni madogo. Anategemea zile ndevu zake kuzunguka mdomo, ambazo zinaonja na kugusa, na anategemea pia kusikia mtikisiko ndani ya maji. Samaki mdogo anayejitahidi kuchomoka kwenye ndoano anampigia kengele usiku kucha.

Kuna sababu ya pili. Kamba inatupwa jioni na kutolewa alfajiri. Kipande cha nyama kilichokufa kinashambuliwa na kaa na visamaki vidogo, na katika maji ya joto kinaoza upesi. Kabla kambale mkubwa hajafika, ndoano inabaki chuma peke yake. Chambo hai kinajitetea na kudumu.

Tena kuna kambale na kambale. Yule wa kawaida, wa vidimbwi na vinamasi, anaweza kudanganywa kwa mnyoo. Lakini yule mkubwa wa mtoni, mwenye pezi la pili la mafuta mgongoni karibu na mkia, ambaye wataalamu wanamwita Heterobranchus, anakuwa mzito kupita mtoto wa shule. Akishakuwa mkubwa anapenda zaidi kufuata samaki, na huyo ndiye anayelipa deni la mwezi.

Hesabu ya jioni moja

Tuchukue kamba ya ndoano 100, ambayo si kubwa. Kila ndoano inataka chambo chake. Wengine wanakufa wakati wa kuwafunga, wengine wanafia ndani ya bidoni, kwa hiyo mvuvi mwenye akili anaanza na zaidi ya 100. Akitupa kamba siku tano kwa juma, anahitaji viumbe hai zaidi ya 500. Kwa mwezi, ni zaidi ya 2,000. Na hapo tunamzungumzia mvuvi mmoja tu.

Nani anawatafuta? Mara nyingi ni watoto. Wanachimba minyoo chini ya migomba na mahali panapotupwa maji ya kuosha vyombo. Wanaingia katika vijito na kapu au kipande cha wavu. Usiku wanafuata sauti za vyura na tochi. Mtoto anapata chochote cha kununua mandazi au daftari, na mvuvi anapata muda wa kulala kidogo mchana.

Lakini kazi hiyo ina bei yake. Mtoto aliyeamka usiku kuwinda vyura anasinzia darasani, kama anafika. Na kusimama saa nyingi katika maji yaliyotulia ni njia inayojulikana ya kupata kichocho, ile bilarzioze ambayo vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi. Mtoto anayekojoa damu au kuendesha damu apelekwe kituo cha afya. Dawa ipo, lakini akirudi katika maji yale yale, ugonjwa nao unarudi.

Mto ukijaa, mto ukishuka

Shida ya chambo inabadilika na majira. Mvua zikiwa nyingi, Lualaba na mito inayoingia ndani yake, kama Elila na Ulindi, inapanda na kuingia msituni. Kambale wanafurahi: wanafuata maji mapya katika majani, ndipo wanapotaga mayai. Lakini samaki wadogo nao wanatawanyika katika msitu huo huo. Pale mvuvi alipokuwa anakusanya chambo cha jioni kwa kapu moja, sasa anazunguka nusu siku na kurudi na bidoni isiyojaa. Wakati huo minyoo ndiyo inamsaidia, kwa sababu udongo uliolowa unaipandisha juu.

Kuanzia mwezi wa sita hivi, mvua zinapopungua na maji kushuka, mambo yanageuka. Minyoo inashuka chini kabisa na jembe halifiki. Samaki wadogo wanabaki wamefungwa katika vidimbwi, na kuwashika ni rahisi. Ila kidimbwi kina wenyewe. Katika vijiji vingi vya kandokando ya mto, kidimbwi kinachobaki baada ya maji kushuka ni cha ukoo au cha kijiji, na wamama ndio wanaokikausha kwa beseni ili kupata mboga ya nyumbani. Mvuvi kutoka mjini anayekuja kuchota samaki wadogo kwa ajili ya ndoano zake anaonekana kama mtu anayechukua chakula cha watoto wa wengine. Asipopita kwanza kwa mwenye kijiji kuomba ruhusa, anatafuta ugomvi.

Chandarua katika kidimbwi

Pale subira inapokwisha ndipo chandarua kinapoingia. Ni kile kile kinachogawiwa ili watu wajikinge na malaria, ambacho wengi wanakiita mustikere. Matundu yake ni madogo mno. Kinachopita ndani yake ni maji tu.

Kwa anayetafuta chambo, ni chombo cha ajabu: mara mbili tatu kukokota, bidoni imejaa. Lakini tuangalie kilichomo. Pamoja na visamaki ambavyo havikui hata vikae miaka mingapi, kuna watoto wa tilapia, na kuna watoto wa kambale wenyewe, wa juma mbili au tatu, ambao wangekuwa na uzito wa kuuzwa mwaka unaofuata. Wanafungwa kwenye ndoano au wanakufa matopeni. Mvuvi anamtumia kambale wa kesho kumtafuta kambale wa leo.

Hata dawa iliyotiwa katika chandarua ili kuua mbu ni sumu kwa samaki. Chandarua kipya kinachofuliwa au kukokotwa katika kidimbwi kidogo kinaweza kuua hata wale ambao hakikuwashika. Na nyumbani, kitanda kimebaki wazi kwa mbu. Familia inalipa mara mbili: mtoni, na tena kwenye kituo cha afya.

Kukataza peke yake hakutoshi. Mvuvi anayeambiwa aache chandarua atauliza swali moja la haki: chambo nitakitoa wapi?

Yaliyotokea Ziwa Victoria

Swali hilo liliulizwa mashariki mwetu pia. Katika Ziwa Victoria, wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaotumia kamba za ndoano wanamtafuta sangara, na chambo wanachokipenda ni kambale mdogo aliye hai. Anafaa kwa sababu hafi ovyo: ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje, kwa hiyo anavumilia ndani ya ndoo na hata kwenye ndoano kwa muda mrefu.

Mahitaji yalipokuwa makubwa, watu waliingia katika vinamasi vya kandokando ya ziwa na kuwakusanya watoto wa kambale kwa wingi. Vinamasi vikaanza kuchoka. Hapo wafugaji wa samaki wa magharibi mwa Kenya na wa Uganda wakaona biashara. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Moi, waliwafundisha wakulima kutotolesha kambale. Jike mmoja aliyekomaa anabeba maelfu kwa maelfu ya mayai. Akichomwa sindano ya homoni, au dawa iliyotengenezwa kwa tezi ya kichwani ya kambale mwingine, mayai yanakamuliwa, yanachanganywa na mbegu za dume, na katika maji ya joto yanaanguliwa kwa muda wa siku moja hivi.

Kazi kubwa inakuja baadaye. Watoto wa kambale wanakulana, vyura na ndege wanawamaliza, na wengi wanakufa majuma ya kwanza. Mfugaji anapaswa kuwapanga kwa ukubwa, kufunika bwawa, na kuwapa chakula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Lakini aliyeweza alikuta wanunuzi wa aina mbili: mfugaji mwenzake, na mvuvi wa ndoano.

Bwawa la hapa kwetu

Si lazima Kindu ianzie na sindano. Congo ina historia ndefu ya mabwawa. Utafiti wa kufuga tilapia ulianza miaka ya 1940 huko Kipopo, karibu na Lubumbashi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mabwawa ya vijijini nchini yalihesabiwa zaidi ya 100,000. Mengi yaliachwa baadaye. Sababu moja kila mfugaji anaifahamu: tilapia wanazaana kupita kiasi. Baada ya miezi michache bwawa linajaa samaki wa ukubwa wa kidole, wanagombania chakula, na hakuna anayekua. Mwenye bwawa anakata tamaa.

Lakini samaki huyo asiyetakiwa na mama wa jikoni ndiye hasa anayetafutwa na mvuvi wa ndoano. Mwenye bwawa akiwapunguza wadogo kila juma na kuwauza wakiwa hai, wanaobaki wanapata nafasi na chakula cha kukua. Mvuvi naye anajua jioni atachukua chambo wapi, na kwa bei gani. Bwawa lililokuwa hasara linalipa mara mbili, na kidimbwi cha kijiji kinapumzika. Lakini tahadhari: samaki wageni kutoka mbali wasimwagwe mtoni, maana wanaweza kuleta magonjwa na kuwasumbua wenyeji.

Minyoo pia inafugwa. Shimo lenye kivuli au sanduku la mbao, udongo mweusi, majani ya migomba yaliyooza, samadi iliyopoa na maganda ya chakula yasiyo na chumvi vinatosha. Maji kidogo kila siku, na kifuniko dhidi ya kuku na siafu. Wakati wa kiangazi, mwenye shimo kama hilo hahangaiki na jembe.

Kwa anayekosa vyote, kuna vyambo visivyo hai: matumbo ya kuku, ngazi, hata sabuni. Sabuni si mzaha. Katika Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, wavuvi wanamkamata kambale yule yule mkubwa kwa kipande cha sabuni, kwa sababu mafuta yake yanayeyuka polepole na kutoa harufu.

Kisife kabla ya giza

Hasara nyingine inatokea ndani ya bidoni yenyewe. Chambo kilichopatikana kwa shida asubuhi kinakutwa kimeelea saa kumi na moja jioni. Mambo machache yanasaidia. Bidoni iliyokuwa na mawese, petroli au sabuni ya unga isitumike. Maji yawe ya pale pale samaki walipotolewa, na yabadilishwe kidogo kidogo, si yote mara moja. Bidoni ikae kivulini, mdomo wazi. Samaki wasijazwe kama abiria wa lori: wakianza kupanda juu kuvuta hewa, wamekuwa wengi mno. Anayekufa atolewe mara moja, maana akioza anaharibu maji ya wengine. Na wakati wa kufunga, ndoano ipite kwenye nyama ya mgongo, chini ya pezi, bila kugusa uti. Hapo samaki anaogelea mpaka alfajiri.

Kindu ni mwisho wa reli inayotoka kusini, na barabara zake zinajulikana kwa ugumu. Samaki wa barafu anayeletwa kutoka mbali anafika na bei ya safari juu yake. Kwa familia nyingi, samaki wa Lualaba ndiye nyama ya karibu. Ndiyo maana bidoni ile ya njano inahusu pia mama wa soko, mwalimu anayengoja ada, na mwenye bwawa la tilapia lililoota majani kule pembeni ya mji. Mvuvi na mwenye bwawa wakianza kuulizana bei, mtoto wa tochi anaweza kulala usiku na kwenda shuleni asubuhi.