Kadi ya Njano Hailipii Gari Lako

Baadhi ya madereva wanaovuka mpaka wa Mutukula hudhani kuwa Kadi ya Njano ya COMESA huwakinga na kila hasara. Sivyo. Kadi hiyo hugharimia madhara wanayosababishiwa watu wengine na mali zao, pamoja na matibabu ya dereva na abiria wake. Gari lenyewe likiharibika, fidia hutoka katika bima kubwa, iwapo mkataba wake unafika ng'ambo ya mpaka.

Twawasihi, kabla ya kutia saini, someni vipengele vitatu: mipaka ya eneo, hasara zisizolipwa, na kiasi ambacho mwenye gari hujibebea kabla ya kufidiwa. Ajali ikitokea, arifuni polisi na kampuni ya bima bila kuchelewa.