Mwana wa mfalme na rika lake la Lusenda

Mfalme wa mwisho wa Burundi aliupoteza ufalme wake akiwa Kinshasa. Ilikuwa tarehe 28 Novemba 1966. Ntare wa Tano, ambaye kabla ya kutawazwa aliitwa Charles Ndizeye, alikuwa amealikwa kwenye sherehe za mwaka mmoja tangu Mobutu atwae madaraka. Huku nyuma Michel Micombero, kapteni wa jeshi aliyekuwa waziri wake mkuu, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo Burundi ni jamhuri. Mgeni akabaki ugenini bila kiti cha kurudia. Siku nne baadaye alitimiza miaka 19.

Nimemkumbuka kijana huyo kwa sababu ya kijana mwingine aliye mbali sana na ziwa letu la Tanganyika. Tarehe 6 Septemba 2025, jijini Tokyo, Hisahito, mtoto wa mdogo wake Mfalme Naruhito wa Japan, alitimiza naye miaka 19. Siku hiyo alivuliwa kofia ya utoto, akavishwa kofia nyeusi ya watu wazima, ikafungwa kwa kamba nyeupe chini ya kidevu. Kisha akapandishwa gari la farasi kwenda kutoa heshima kwenye mahekalu yaliyomo ndani ya ua wa kifalme. Wajapani walikuwa hawajaona mwanamume wa ukoo huo akifikia utu uzima kwa miaka 40, tangu baba yake, Fumihito, mwaka 1985. Kisheria Hisahito alikuwa mtu mzima mwaka mzima kabla ya hapo, maana Japan ilishusha umri huo hadi miaka 18 mwaka 2022. Sherehe ikasogezwa mbele ili kwanza amalize sekondari na kupata nafasi ya chuo. Sasa anasoma biolojia katika Chuo Kikuu cha Tsukuba, na inajulikana kwamba anapenda sana kuchunguza kereng'ende.

Msomaji wa hapa mjini Baraka atauliza mambo haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa hesabu ya miaka. Hisahito alizaliwa tarehe 6 Septemba 2006. Katikati ya mwaka 2015, Warundi wa kwanza walipoanza kupokelewa katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda, yeye alikuwa na miaka minane. Mtoto wa Kirundi aliyefika hapa akiwa na miaka minane, wakati nchi yake ilipowaka moto kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, ni rika lake kabisa. Kambi iko kando ya barabara ya Uvira kwenda Baraka, katika sekta ya Tanganyika ya teritori ya Fizi, nchini Kongo, na ng'ambo ya maji ni milima ya kwao. Ilipojaa, yakafunguliwa makazi ya Mulongwe. Wengi wa rika hilo sasa ni watu wazima, na hakuna aliyewavisha kofia.

Tena hawa ni watoto wa nchi iliyojua vizuri sana maana ya kuzaliwa mwana wa mfalme. Katika Burundi ya zamani, mtoto aliyeandikiwa kutawala alisemekana kuzaliwa ameshika mbegu mkononi. Hicho ndicho kilikuwa cheti chake cha kuzaliwa, na nani angethubutu kukibishia? Wafalme walipokezana majina manne kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha yanaanza upya. Mwambutsa wa Nne aliwekwa kitini mwaka 1915 akiwa mtoto wa miaka kama mitatu hivi, Wajerumani wakiwa bado wanatawala, na wakubwa wa ukoo wakamshikia nchi mpaka alipokua. Kazi kubwa ya mwami, yaani mfalme, haikuwa kutoa amri tu. Kila mwaka alifungua msimu wa kupanda mtama katika sherehe ya umuganuro, na ngoma kuu, Karyenda, ikapigwa. Sherehe hiyo ilizimika wakati wa utawala wa Wabelgiji. Huko Japan, ya kwao haikuzimika: Novemba 2019, baada ya kutawazwa, Naruhito alikesha akitoa mchele mpya kwa miungu ya ukoo wake, na kila mwaka hupanda mpunga kwa mkono wake katika shamba dogo la ikulu. Mtu wa Muramvya, mji wa zamani wa wafalme wa Burundi, angemwelewa bila mkalimani.

Vijana wa ukoo wa Burundi, wale Baganwa, hawakungoja kofia wala gari la farasi. Walipewa milima waitawale. Wazao wa Ntare waliitwa Batare, wa Mwezi wakaitwa Bezi, na ugomvi wa nyumba hizo mbili juu ya nani ashike wapi uliingia mpaka ndani ya vyama vya siasa vya miaka ya 1950. Wabelgiji waliujua, wakautumia.

Hapo ndipo anapoingia Louis Rwagasore, mwana mkubwa wa Mwambutsa, mtu wa nyumba ya Bezi. Alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, akasoma Astrida, mji wa Rwanda uliokuja kuitwa Butare na leo Huye, kisha akapelekwa Ubelgiji. Aliporudi mwaka 1956 angeweza kuomba mlima, akae na kunywa pombe ya heshima. Yeye akaenda sokoni. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi mjini Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, na watu waliomwelewa mapema kuliko wengine walikuwa Waswahili wa mtaa wa Buyenzi: Waislamu, wachuuzi, madereva, wengi wao wakiwa na asili ya Ujiji, ya Manyema na ya upande huu wa ziwa. Watu wa Baraka na Fizi wana ndugu Buyenzi hadi leo. Kwa hiyo historia ya uhuru wa Burundi haikuandikwa milimani peke yake. Kipande chake kizuri kiliandikwa kwa Kiswahili, katika mitaa ambayo mwenye asili ya Kongo hakuwa mgeni.

Ushirika uliingia madeni, na serikali ya kikoloni haikusikitika hata kidogo. Mwaka 1959 Rwagasore akapewa uchifu wa Butanyerera, kaskazini, mbali na soko na mbali na wasikilizaji wake. Lakini chama chake cha UPRONA kilikuwa kimeshaota mizizi, naye alikuwa na urafiki na TANU ya Nyerere. Mwaka 1960 ikapitishwa kanuni kwamba ndugu wa karibu wa mwami wasishike nafasi za kisiasa. Kila mtu alijua kanuni hiyo imeshonwa kwa kipimo cha nani. Mwishoni mwa mwaka huo akafungiwa nyumbani wakati uchaguzi wa komuni ukifanyika. Umoja wa Mataifa ulipoingilia kati, wananchi wakasema neno lao: tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Siku chache baadaye mwana wa mfalme akawa waziri mkuu. Alikuwa na miaka 29.

Alitumikia kama wiki mbili. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961 alipigwa risasi akiwa mezani kwenye mkahawa wa Hoteli Tanganyika, ufukweni, na Mgiriki aliyeitwa Jean Kageorgis. Muuaji huyo alihukumiwa kifo. La kuzingatia ni tarehe. Aliuawa 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru, Wabelgiji wakiwa bado ndio wenye dola. Burundi huru ikaifungua kesi tena, na Januari 1963 wakubwa wa nyumba pinzani waliohukumiwa kwa kupanga njama wakanyongwa hadharani Gitega. Tangu hapo tarehe 13 Oktoba ni sikukuu ya taifa Burundi, na kaburi la Rwagasore liko Vugizo, juu ya mji wa Bujumbura.

Mdogo wake kwa baba, Charles Ndizeye, alikuwa na miaka 13 siku Rwagasore alipouawa. Naye alipelekwa Ulaya, shule ya Uswisi. Sisemi kwamba shule hiyo ilikuwa mbaya, ila haikuwa na Buyenzi. Tarehe 8 Julai 1966, baba yao akiwa nje ya nchi, kijana wa miaka 18 alitangaza kwamba amemwondoa mzee wake kitini, huku askari wakiwa nyuma yake. Tarehe 1 Septemba akatawazwa Muramvya kwa jina la Ntare wa Tano. Walioshika upinde wa mambo walikuwa Micombero na wenzake. Mtoto alikuwa mshale, na mshale ukishatoka hauulizwi unapenda kwenda wapi. Utawala wake ulidumu chini ya miezi mitatu tangu kutawazwa.

Alizungukazunguka uhamishoni. Machi 1972 alifika Uganda, na baada ya Idi Amin kuhakikishiwa na Micombero kwamba kijana hatadhurika, akarudishwa Burundi. Alifungiwa Gitega. Usiku wa tarehe 29 Aprili 1972 akauawa, akiwa na miaka 24. Usiku huohuo uasi ulilipuka kusini, kwenye mwambao wa Rumonge na Nyanza-Lac, na jeshi likajibu kwa mauaji ya Wahutu yaliyoenea nchi nzima, wasomi wakitafutwa kwanza. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki tatu. Walionusurika walikimbilia Tanzania, Rwanda na Zaire, na humu Uvira na Fizi wapo wazee waliozaliwa na wakimbizi wa mwaka ule. Lusenda si kambi ya kwanza ya historia hii. Ni ya karibuni tu.

Kwa mizani yangu, ndugu hawa wawili hawafanani hata kidogo, ingawa vitabu huwapanga pamoja kama wana wa mfalme waliokufa vijana. Mmoja alijipa kazi kabla ya kupewa cheo, na alipopewa cheo watu walikuwa wameshamjua. Mwingine alipewa cheo ili wengine wafanye kazi yao. Ukiwatazama Wajapani kwa jicho hilo, utaona kwamba sheria zao zimemfungia kila kijana wa ukoo njia ya Ndizeye. Katiba ya mwaka 1947 inamfanya mfalme kuwa alama ya taifa asiye na mamlaka ya kuendesha serikali. Kwa hiyo kazi ya kijana wa ikulu ni kutembelea, kusikiliza, kusoma na kusalimia. Ni kazi ya kuchosha, na haitamfanya awe Rwagasore kamwe. Lakini pia hakuna kapteni atakayemtumia kama mshale.

Wanawake ni sura yake peke yake. Aiko, mtoto pekee wa Mfalme Naruhito, alizaliwa tarehe 1 Desemba 2001, na tangu Aprili 2024 ni mfanyakazi wa Msalaba Mwekundu wa Japan. Novemba 2025 alitumwa Laos, safari yake ya kwanza ya kiserikali nje ya nchi. Wajapani wengi wanampenda. Hata hivyo hatarithi kiti, maana sheria ya ukoo inataka mwanamume, na akiolewa na raia wa kawaida atatoka kabisa katika ukoo, kama alivyotoka binamu yake Mako mwaka 2021. Tusiharakishe kuwacheka. Ngoma za kifalme za Burundi, zilizoandikwa na UNESCO mwaka 2014 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, zina amri ya rais ya mwaka 2017 inayomkataza mwanamke kuzipiga. Ufalme ulikufa mwaka 1966 lakini mlango wa wanawake ulibaki umefungwa. Binti wa ukoo, Esther Kamatari, aliyekimbilia Ufaransa mwaka 1970 na kuwa mwanamitindo, alirudi kwenye siasa za Burundi mwaka 2005 na chama cha Abahuza kilichotaka ufalme urudi. Haukurudi. Hata mzee Mwambutsa hakurudi: alifia Geneva mwaka 1977, akaacha wosia kwamba maiti yake isipelekwe Burundi, ukoo ukagawanyika juu ya jambo hilo, na mahakama ya Uswisi ikaamua abaki huko.

Wenyeji wa Fizi, Wabembe, husikiliza habari hizi za wafalme kwa utulivu wa mtu anayesimuliwa ugomvi wa nyumba ya jirani. Kwao bwami ilikuwa heshima ya kupandwa ngazi kwa ngazi, kwa mafundisho na kwa kutoa mali, na teritori yao mpaka leo inagawanywa katika sekta, wakati Uvira kuna cheferi zenye mwami wa kurithi. Lakini wao pia wanajua kuvuka maji. Mwaka 2025, vita vilipotelemka kutoka Bukavu kuelekea bonde la Ruzizi, makumi ya maelfu ya Wakongomani walikimbilia Burundi, nchi ileile ambayo watu wake bado wamehifadhiwa Lusenda.

Jambo moja la Wajapani linafaa kuigwa hapa bila gharama ya gari la farasi. Mtoto wa ukoo wao huandikwa mara moja katika daftari maalumu la ikulu, na siku ya kutimiza umri hakuna anayebishana kuhusu mwaka. Kijana wa kambini anayetaka kufanya mtihani wa serikali, kufunga ndoa au kurudi kwao na watoto huulizwa karatasi, si mbegu ya mkononi. Sheria ya familia ya Kongo, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto, bila malipo, na haimbagui mtoto aliyezaliwa katika ardhi hii na wazazi wageni. Mzazi wa Lusenda, wa Mulongwe na wa Baraka, kama una kichanga nyumbani, hesabu siku zako na uende ofisi ya etasivili kabla hazijaisha.