Brashi Iliyoanguka Istanbul

Ukitembea Istanbul karibu na msikiti wa Sultanahmet, mpiga kiwi mwenye sanduku begani atakupita, na brashi itamdondoka. Yeye kama hajasikia. Wewe uliyelelewa Tanga au Mombasa utaiokota umkimbilie: “Mzee, umeangusha!” Atakushukuru mpaka uone haya, kisha atapiga goti akupigie kiwi eti kwa shukrani. Akimaliza anataja bei. Brashi haikuanguka, iliangushwa.

Nikiongoza misafara ya wafanyabiashara wanaofuata nguo Laleli, huwaambia: angalieni nani kaanza. Mtu uliyemfuata wewe kumuuliza njia, mara nyingi atakusindikiza hadi kituo cha tramu. Aliyekufuata yeye pale Taksim, kwa Kiingereza kitamu, akakualika kinywaji, huenda anakupeleka baa ambayo bili yake itakutoa jasho. Kwenye teksi, hakikisha mita imewashwa. Polisi na ambulensi ni 112.

Lakini tahadhari isikunyime chai. Kapalıçarşı, soko lililoanzishwa baada ya Waosmani kuuteka mji mwaka 1453, mwenye duka akikuagizia çay, kunywa. Huletwa kwenye bilauri ndogo yenye kiuno, haina mkono na inaunguza. Ishike ukingoni kwa vidole viwili. Maziwa usiulize. Kuinywa si ahadi ya kununua. Ni namna ya kuanza mazungumzo, na bila mazungumzo bei haishuki. (Jumapili soko limefungwa, usijisumbue.)

Ukishusha bei mno, ataangalia juu, atainua nyusi na kugonga ulimi: “tsk!” Mama mmoja wa msafara wangu alidhani amesonywa, akatoka kwa hasira akaacha mashuka waliyokwisha kupatana. Kumbe ile ni “hapana” tu, wanaambiana hata mtu na mkwewe.

Neno la kubeba ni hesap, ndugu wa hesabu yetu: mkahawani ndiyo bili. Iombe, isome, ndipo ulipe. Sarafu za kale au vipande vya mawe vinavyouzwa mtaani, viache huko huko. Kutorosha mambo ya kale nje ya Uturuki ni kosa la jinai, na “sikujua” haisikilizwi uwanja wa ndege.

Brashi nayo siku hizi naiacha chini. Nikienda hatua kumi hivi nikageuka, mwenyewe ameshairudia.